Mgombea wa Kusini na Swali la Historia: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Kabla ya Kukaa Mbele ya Kamera

Bajeti, barabara, bei ya korosho: hayo mgombea yeyote wa Mtwara au Lindi anaweza kuyazungumza saa nzima bila kumeza mate. Mwulize Vita vya Majimaji vilianzia kijiji gani, uone. Macho yanapanda darini, linatoka "swali zuri sana hilo", halafu inafuata hadithi ndefu ya mashujaa wetu waliomwaga damu, na mwisho wake hakuna kijiji wala mwaka. Ikifika jioni kipande hicho cha video kiko kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Kilwa Masoko mpaka Nanyumbu, na vijana wameshakiwekea muziki.

Ugonjwa huu uko kila mahali. Novemba 1999 George W. Bush, gavana wa Texas aliyekuwa anausaka urais wa Marekani, aliulizwa na mtangazaji wa Boston ataje viongozi wa Chechnya, Taiwan, India na Pakistani. Alipata jina moja tu, "Lee" wa Taiwan. Septemba 2012 David Cameron, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyesoma Eton na Oxford, aliketi kwenye kipindi cha David Letterman huko New York akaulizwa maana ya jina Magna Carta, ile hati ya kale ya haki ya Uingereza, akakwama, ingawa mwaka wake, 1215, aliujua. Na Desemba 2023 Nikki Haley, aliyekuwa naye anausaka urais wa Marekani, katika mkutano na wapiga kura wa New Hampshire, aliulizwa chanzo cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Akazungumzia mamlaka ya serikali na uhuru wa watu, asitamke utumwa. Kesho yake ikabidi aseme kwamba bila shaka vita vile vilihusu utumwa.

Watazame vizuri wawili wa mwisho, maana maradhi yao ni tofauti. Cameron hakujua. Haley alijua, akakwepa. Asiyejua anatibiwa kwa kusoma wiki mbili tatu. Anayekwepa ana kazi kubwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiye anayepoteza kura nyingi, kwa sababu mtazamaji husamehe kusahau lakini hasamehi kuzungushwa.

Nimefundisha historia sekondari, na kila msimu wa kampeni wapo wanaonibishia hodi. Haya ndiyo ninayowaambia wao na wasaidizi wao, ambao ndio hasa watakaoifanya kazi hii.

Hatua ya 1: Jua unaulizwa swali la aina gani

Maswali ya historia kwenye mahojiano ni ya namna nne hivi. La kwanza ni la tarehe na majina: lini, nani, wapi. La pili ni la sababu: kwa nini ilitokea. La tatu ni la kuunganisha: hilo la zamani lina uhusiano gani na hali ya leo jimboni kwako.

La nne ndilo baya. Ni swali lililobeba kosa ndani yake, ama mtangazaji amekosea mwenyewe, ama amekutegea. Mfano: "Mheshimiwa, Tanzania ilipopata uhuru mwaka 1961, Wazanzibari waliupokeaje?" Ukilijibu hivyo lilivyo umekwisha. Mwaka 1961 iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza Desemba 10, 1963, Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, Muungano Aprili 26 mwaka huohuo, na jina la Tanzania likaanza kutumika Oktoba 1964. Sahihisha kwa upole, usimdhalilishe mtangazaji, kisha ujibu lililobaki.

Mtego mwingine wa aina hiyo: "Rais wetu wa kwanza, mwaka 1961..." Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu, Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu, na Desemba 9, 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri, Mwalimu akawa Rais. Msaidizi wako akiweza kukusomesha aya hii moja mpaka ukaitoa bila kusitasita, tayari umewapita wengi.

Hatua ya 2: Anza na jimbo lako, Dodoma itafuata

Hapa ndipo wengi wanapokosea kupanga. Wanakariri mawaziri wakuu wote, kisha wanakwama kwenye historia ya mahali walipozaliwa. Kukosea mwaka wa Azimio la Arusha ni aibu. Kutokujua lililotokea kwenye kata yako ni aibu zaidi, kwa sababu anayekutazama amekaa juu ya historia hiyo na bibi yake alimhadithia. Yafuatayo ni machache ambayo mgombea wa kila upande hana udhuru wa kutoyajua.

Wa Kilwa ana mzigo mkubwa kuliko wote. Kilwa Kisiwani ilikuwa dola ya biashara iliyonufaika na dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika mwaka 1331, na Wareno chini ya Francisco de Almeida waliivamia mwaka 1505. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Huo mwaka 2014 ukumbuke, kwa sababu bado kuna viongozi wanaosimama jukwaani kulia kwamba magofu yako kwenye orodha ya hatari. Halafu kuna Kilwa Kivinje, ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, mwaka 1895. Na kuna Majimaji, nitakayoirudia kwa kirefu.

Wa Lindi na Mtama anapaswa kuzijua Tendaguru na Mahiwa. Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mhandisi Bernhard Sattler ndiye aliyepeleka taarifa zake kwa wakubwa mwaka 1906. Kazi yenyewe, yaani kuchimba, kufunga na kubeba kichwani mpaka bandari ya Lindi, waliifanya watu wetu, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Sasa linganisha miaka. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Majimaji, katika nchi iliyokuwa inatoka kwenye njaa. Mgombea atakayeyaunganisha mambo hayo mawili kwenye runinga atasikilizwa mpaka mwisho. Mahiwa ni vita ya Oktoba 15 hadi 18, 1917, karibu na Nyangao, kati ya jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na la Waingereza lililokuwa na kikosi cha Wanaijeria ndani yake. Ni miongoni mwa mapigano yaliyoua watu wengi kuliko yote ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande huu wa Afrika, na walioanguka pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika.

Liwale: boma la Wajerumani lilishambuliwa na kuchomwa Agosti 1905, na Askofu Cassian Spiss akauawa na wenzake wakiwa safarini katika eneo hilohilo. Ruangwa: ndiko alikotoka Kassim Majaliwa, aliyeshika uwaziri mkuu kuanzia Novemba 2015, hivyo ukiulizwa Kusini imetoa nani, hapo huna pa kukwama.

Nachingwea ina mambo mawili, karanga na FRELIMO, na yote mawili ni makubwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 kwenye maeneo matatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kula, ikadhani italima ekari milioni tatu na ushei kwa matrekta yaliyobaki jeshini. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, na hakuna aliyejaribu kwanza kwenye shamba dogo. Januari 1951 mradi ulifutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda. Miaka kumi na ushei baadaye Nachingwea ikawa kambi kuu ya kijeshi ya FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, kikaanza vita Septemba 25, 1964, na kuifikisha Msumbiji kwenye uhuru Juni 25, 1975. Samora Machel alifundisha askari wake hapo.

Masasi ni mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA chini ya Askofu Edward Steere walianzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Ndanda, abasia ya Wabenediktini imekuwepo tangu 1906. Lupaso alizaliwa Benjamin Mkapa, Novemba 12, 1938, Rais wa Awamu ya Tatu, na huko ndiko alikozikwa Julai 2020. Mkapa mwenyewe alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuingia kwenye siasa, kwa hiyo mgombea wa Masasi anayewaogopa waandishi wa habari ana kazi ya kujieleza.

Newala na uwanda wa juu wa Wamakonde: Machemba, kiongozi wa Wayao, ndiye aliyemwandikia Hermann von Wissmann, mkuu wa Wajerumani, mwaka 1890 barua ya Kiswahili kukataa kumtii, akapambana na Wajerumani miaka kadhaa, mwaka 1899 akavukia Msumbiji. Mwaka 1916 Wareno waliiteka Newala, na mwaka huohuo wakafukuzwa.

Mtwara mjini na Mikindani: David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho Mikindani mwaka 1866, na lile boma la Mikindani ni la 1895. Bandari ya Mtwara ni zao la ule mradi wa karanga. Nanyumbu: Daraja la Umoja, linalovuka Ruvuma kwenda Msumbiji, lilifunguliwa Mei 2010 na marais Kikwete na Guebuza wa Msumbiji. Ukiwa mgombea wa kando ya Ruvuma, usithubutu kuzungumza juu ya watu wa ng'ambo kana kwamba ni wageni. Nusu ya wapiga kura wako wana shangazi Mueda.

Hatua ya 3: Shika sababu, tarehe zitakuja zenyewe

Chukua Majimaji, kwa kuwa ndilo swali ambalo mgombea wa Lindi ataulizwa siku moja apende asipende. Kosa linalojirudia ni kusema vita vilianzia Songea. Naelewa linakotoka: makumbusho yako Songea, kumbukumbu ya kila Februari 27 hufanyika Songea, na hata Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokuja kuomba radhi Novemba 1, 2023, alikwenda Songea. Lakini vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, Nandete, ambayo leo iko wilaya ya Kilwa. Wangoni wa Songea waliingia baadaye. Mgombea wa Kilwa kuwapa Wangoni mwanzo wa vita vya babu zake ni jambo ambalo wazee wa Kipatimu hawatalisahau.

Sasa sababu. Wajerumani walileta kodi ya nyumba, wakaleta na mashamba ya pamba ya kijiji, ambayo watu walilazimishwa kulima chini ya maakida na majumbe, malipo yakiwa kiduchu au hakuna, huku mashamba yao ya chakula yakiota nyasi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akatoa dawa ya maji, akasema risasi za Wajerumani zitageuka maji, na dawa hiyo ikawaunganisha watu wa makabila ambayo zamani kila moja lilipigana kivyake. Watu wa Nandete waling'oa pamba. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini vita viliendelea hadi 1907, Kusini nzima na kupanda nyanda za juu. Wajerumani walichoma vijiji na maghala, njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Idadi ya waliokufa inakadiriwa tofauti: wakoloni walitaja 75,000, wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 300,000. Ukitaja namba, taja zote mbili.

Angalia mtiririko huo. Aliyeelewa kwamba chanzo ni pamba ya lazima hawezi kusahau kwamba mwanzo ni kung'oa pamba, na aliyekumbuka kung'oa pamba hawezi kuisahau Nandete. Mwaka wenyewe unashikwa na kisa. Aliyekariri "1905 hadi 1907" peke yake ataupoteza taa ya studio ikimpiga usoni.

Hatua ya 4: Tarehe za taifa zisizosameheka

Hizi zikaririwe tu, hakuna njia ya mkato:

- TANU: Julai 7, 1954
- Uhuru wa Tanganyika: Desemba 9, 1961
- Jamhuri: Desemba 9, 1962
- Mapinduzi ya Zanzibar: Januari 12, 1964
- Muungano: Aprili 26, 1964
- Azimio la Arusha: Februari 5, 1967
- CCM, kwa kuungana TANU na ASP (Afro-Shirazi ya Zanzibar): Februari 5, 1977
- Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979
- Mwalimu kung'atuka: Novemba 1985
- Kurudi kwa vyama vingi: 1992, uchaguzi wa kwanza 1995
- Kifo cha Mwalimu: Oktoba 14, 1999

Februari 5 inatokea mara mbili hapo, na ASP nayo ilizaliwa Februari 5, 1957. Chama chochote unachotokea, tarehe hizo tatu zisikuchanganye.

Hatua ya 5: Karatasi moja na watu wa kuwauliza

Msaidizi asikuletee faili. Faili halisomwi. Aandike ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida kuhusu jimbo: mambo saba au manane, kila moja lina mistari mitatu. Mstari wa kwanza useme nini kilitokea na lini, wa pili kwa nini, wa tatu ni kitu gani bado kinaonekana hadi leo, iwe gofu, jina la mtaa, tuta la reli au kaburi. Mstari wa tatu ndio unaokuokoa studioni, kwa sababu ulichokiona kwa macho hakisahauliki. Kwa hiyo nenda ukakione. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani ni safari fupi ya mashua. Mbunge wa mkoa wa Lindi ambaye hajawahi kukanyaga Msikiti Mkuu wa Kilwa, sijui anangoja nini.

Habari zitoke wapi? Vitabu vya historia vya sekondari vinatosha kwa mambo ya taifa. Mwombe mwalimu wa shule ya jirani jioni moja, mlipe soda na nauli. Kwa mambo ya jimbo, nenda kwa wazee, na uende kwa adabu. Usiende na msafara wa magari na fulana. Keti, amkia, sikiliza mpaka amalize, ndipo uulize: "Babu, hili ulihadithiwa na nani?" Swali hilo halimvunjii heshima, na litakusaidia kujua kama ni habari ya ukoo wake au aliisikia redioni juzi. Bibi naye aulizwe. Kuhusu miaka ya njaa, mara nyingi bibi ndiye anayejua watu walikula nini.

Ukija kuitumia studioni, taja ilikotoka: "Wazee wa kwetu wanasimulia kwamba..." Maneno hayo yanakukinga. Masimulizi yakitofautiana na kitabu, hujasema uongo. Umesema wazee wanasimulia, na ni kweli wanasimulia.

Hatua ya 6: Jibu la nusu dakika

Runinga haina subira. Lenga sentensi nne au tano. Tuchukue swali ambalo mgombea wa Nachingwea au Mtwara anaweza kulipata siku yoyote:

"Mheshimiwa, hivi ile reli ya Kusini ilikwenda wapi?"

Jibu baya tunalijua: "Ni kweli kulikuwa na reli, na sisi tunasema serikali ione umuhimu..." Kabla hajafika kwenye umuhimu, mtazamaji ameshabadilisha chaneli.

Jibu linalosimama ni hili: "Reli ile ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ulifutwa 1951, karanga zenyewe hazikuja, reli ikabaki bila mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara, ambayo hadi leo inapitisha korosho."

Halafu nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwanasiasa akijibu vizuri hujisikia anadaiwa ahadi, anaongeza "na mimi mkinichagua...", na papo hapo jibu zuri linageuka hotuba. Mwache mtangazaji akuulize kuhusu reli mpya. Atakuuliza.

Hatua ya 7: Kusema hujui

Hata ukijiandaa vipi, liko swali litakalokukuta mtupu. Hapo una sekunde mbili za kuamua, na uamuzi mzuri ni mmoja: sema hujui, mapema, kwa sentensi fupi, kisha toa unachokijua kilicho jirani na hilo. "Mwaka kamili sina kichwani. Ninachojua ni kwamba ilikuwa baada ya Wajerumani kuondoka, kwa sababu boma lilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza." Jibu hilo halitengenezi klipu. Wanaotafuta kicheko wanahitaji uso unaohangaika, na wewe hukuhangaika.

Epuka mambo matatu: kubahatisha jina, kumgeuzia mtangazaji swali ("wewe unajua?"), na kusema "hayo ni ya kale, tuzungumze maendeleo". Hilo la tatu ndilo baya zaidi kwetu Kusini, ambako malalamiko mengi ya maendeleo ni malalamiko ya historia.

Hatua ya 8: Historia ambayo bado ina moto

Yapo matukio ambayo waliohusika bado wako hai na wengine wako kwenye chumba hichohicho. Gesi ni la kwanza. Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974; Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Januari 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na Mei mwaka huo, bajeti ya Nishati ilipowasilishwa bungeni, mji ulichafuka, nyumba zikachomwa, watu wakapoteza maisha. Bomba kutoka Madimba lilizinduliwa Oktoba 2015. Ukiulizwa, yataje yote: ugunduzi, madai ya wananchi, vifo, bomba. Mgombea wa chama tawala huwa anaruka vifo. Wa upinzani huwa anaruka kwamba bomba lilijengwa na linafanya kazi. Wote wawili wanaonekana.

La pili ni korosho. Stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani yauzwe kwa mnada, ilianza 2007. Msimu wa 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kubeba. Hapa usijaribu kufundisha. Kila mkulima wa Tandahimba ana kumbukumbu yake ya tarehe aliyolipwa, au ya kutolipwa, na atakusahihisha hewani kwa simu.

La tatu ni lile swali zee: kwa nini Kusini ilibaki nyuma? Jibu la haraka ni kulaumu serikali moja. Jibu la mtu aliyejiandaa linapita hatua kwa hatua: Majimaji na njaa yake, kisha Vita vya Kwanza vilivyopiganwa huku, reli iliyong'olewa, mpaka uliokuwa eneo la vita ya Msumbiji kwa miaka kumi, Mto Rufiji uliokuwa hauna daraja mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Baada ya hapo una haki ya kusema serikali ipi ilifanya nini na ipi haikufanya. Kwa mpangilio huo hata asiyekupigia kura atakusikiliza.

Hatua ya 9: Zoezi lenye kero

Kusoma peke yako chumbani hakusaidii. Zoezi lifanane na studio. Weka simu juu ya rundo la vitabu, usawa wa macho, irekodi. Washa taa ikupige usoni, zima feni. Mtafute mwalimu wa historia asiyekuhitaji kwa lolote awe mtangazaji; ndugu na wapambe hawafai, watakupa maswali laini. Mwambie akukatize katikati ya sentensi, akuulize swali lilelile mara ya pili kwa maneno mengine, na apenyeze swali moja lenye kosa ndani.

Mkimaliza, tazameni video bila sauti kwanza. Utaona usiyoyajua: mkono unaoshika kola kila ukiulizwa mwaka, kichwa kinachotikisika kukubali kabla swali halijaisha, ulimi unaolamba midomo. Kisha sikilizeni na sauti, mhesabu "kwa kweli", "kimsingi" na "kama unavyojua". Rudieni kesho yake kwa maswali mapya, na siku ya tatu. Siku ya mahojiano yenyewe usisome kitu.

Neno moja kwa msaidizi: usiombe orodha ya maswali kituoni. Ukiomba, utapewa mada, na utakuwa umewaambia kwamba bosi wako anaogopa. Uliza muda wa kipindi, kama ni mubashara au kitarekodiwa, na kama watapokea simu za wasikilizaji. Simu ndizo za kuogopwa.

Hatua ya 10: Ukikosea

Ukigundua kosa ukiwa bado hewani, lisahihishe hapohapo: "Nirudi nyuma kidogo, nimesema Songea, mwanzo ni Nandete, Kilwa." Hakuna atakayekucheka, na wengi watahisi unaijua historia kuliko waliokaa kimya.

Ukigundua umeshatoka, rekodi sauti au video fupi siku hiyohiyo, kabla kipande hakijazunguka. Isizidi nusu dakika. Sema ulisema nini, sahihi ni nini, basi. Usiseme ulikatwa maneno yako, hata kama kweli ulikatwa, usimtaje mtangazaji, usiweke nembo ya chama wala wimbo. Wasaidizi waitume kwenye makundi yaleyale ambako kosa limefika, na wasibishane na mtu chini yake.

Kama kosa linahusu kijiji au ukoo fulani, video haitoshi. Panda gari uende ukaonane na wazee wenyewe, bila kamera, na ufike asubuhi kabla hawajaenda shambani.